Jinsi ya kuunda dragsta nyepesi ya injini ndogo kwa mtindo wa California ya miaka ya 50

Watu wengi ukiwatajia dragsta, gari la mbio fupi za kwenda moja kwa moja, kichwani inawajia ile Top Fuel ya leo, daraja la juu kabisa, dude refu la mita 7 na ushee linalotema moto pembeni na kupasua injini kila wikendi. Sizungumzii hiyo. Nazungumzia zile za mwanzo kabisa, za kuanzia 1950 mpaka katikati ya miaka ya 60 huko California: reli mbili za chuma, injini ya gari la kawaida katikati, tairi nne, na jamaa mmoja amekaa huko nyuma kabisa, basi. Kijana anayefanya kazi gereji au kwenye kituo cha mafuta aliweza kuiunda mwenyewe kwa spea za skrepa na bado Jumapili akawaaibisha watu wenye injini kubwa kuliko yake.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuunda ya kwake kwa mtindo ule, maana mashindano ya magari ya kizamani yapo mpaka leo Marekani na Uingereza, au yule anayetaka tu kuelewa walifikaje pale. Sisi huku tumekulia Safari Rally, na cha kuchekesha ni kwamba hizi mbio ni rika moja, Coronation Safari ilianza 1953 na mwaka huohuo NHRA, chama cha mbio za drag Marekani cha mzee Wally Parks, kikafanya shindano lake rasmi la kwanza pale Pomona. Ila moja inataka gari livumilie siku kadhaa za matope, nyingine inataka livumilie sekunde 10 tu. Tofauti hiyo ishike vizuri kwa sababu ndiyo inaamua kila kitu hapa chini: chochote ambacho gari halikihitaji ndani ya sekunde 10, kinatoka.

Hatua ya 1: kalamu kabla ya spana

Kuna hesabu ambayo watu wa drag wanaitumia miaka na miaka na inakaribia ukweli ajabu. Chukua nguvu ya injini kwa hp, gawanya kwa uzito wa gari kwa pauni (dereva akiwa ndani, mafuta yakiwa ndani, usijidanganye), tafuta kipeuo cha tatu cha jibu hilo, zidisha kwa 234, unapata maili kwa saa pale mwisho wa robo maili, yaani mita 402. Ukitaka muda unageuza: uzito gawanya kwa hp, kipeuo cha tatu, zidisha kwa 5.825, zinakuja sekunde. Simu yoyote inafanya hii hesabu.

Sasa chukua dragsta ya kilo 450 na dereva wake, ambayo ni pauni 990, injini ya Ford iliyochezewa kiasi inatoa hp 160. Inakuja maili 127 na kitu, kama kilomita 205 kwa saa, kwa sekunde 10.7. Halafu chukua gari la jirani la kilo 800 lenye injini kubwa, ili lipate muda uleule linahitaji hp 285. Yaani jirani kanunua hp 125 zaidi yako na mmefika pamoja!

Tena kwenye hiyo yako ya kilo 450, ukitoa kilo 50 ni sawasawa na kuongeza hp 20, piga tu hesabu ya karibu kilo 3 kwa hp 1. Na hp 20 za kununua maana yake kemshafti mpya, hedi za alumini, manifoldi ya kabureta tatu, hela inayokutoka mfukoni, wakati kilo 50 zinatoka kwa msumeno wa chuma na uvumilivu. Vijana wale hawakuwa na hela ila msumeno walikuwa nao. Mimi nikiulizwa siri ya dragsta ndogo za zamani nasema ni hiyo, mengine yote yanafuata.

Angalizo: hesabu hii inachukulia kwamba tairi zimeshika lami. Za miaka ile zilikuwa zinateleza hatari, kwa hiyo muda halisi ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa karatasi ingawa spidi ya mwisho ilikaribiana. Tutafika kwenye tairi.

Hatua ya 2: chagua injini

Ndogo kwa nani? Usicheke mkuu, kwa Mmarekani injini ya lita 3.9 ni ndogo. Kwenye hizi gari zilikuwepo familia kama tatu hivi.

Ya kwanza ni Ford V8 ya flathedi, ile yenye vali ubavuni mwa bloku badala ya juu kwenye hedi. Ilitoka 1932 ikiwa na inchi za ujazo 221 na hp 65, baadaye Mercury wakaipandisha mpaka 239. Skrepa zilijaa hizo. Fundi akitoboa silinda mpaka inchi 3 na 5/16 na kuweka krenki ya Mercury yenye stroku (mwendo wa pistoni juu na chini) ya inchi 4 anapata inchi za ujazo 276, lita 4.5, na hii ndiyo saizi waliyoipenda sana maana bloku bado ina nyama ya kutosha. Uzuri wake ni bei, ubaya wake ni krenki inayoshikwa na beringi kuu tatu tu, halafu moshi wa silinda mbili za katikati kila upande unatoka kwa tundu moja, so V8 nzima ina ekzosi 6 badala ya 8, na moshi huo unapita ndani ya bloku karibu na maji unayachemsha. Kwa gari la barabarani ni kero kubwa. Kwa sekunde 10 nani anajali.

Ya pili ni mdogo wake, V8-60, inchi za ujazo 136 tu, kama lita 2.2, ilitoka 1937. Hii ilikuwa zaidi ya vigari vya midget vya kuzunguka kiwanja kuliko dragsta lakini naitaja kwa sababu ya kisa cha Vic Edelbrock mzee. Agosti 1950 pale Gilmore Stadium, Los Angeles, gari lake la V8-60 likiendeshwa na Rodger Ward liliwapiga wenye injini za Offenhauser ambazo zilitengenezwa kwa mashindano tangu kiwandani, na ndani ya tenki kulikuwa na nitro (nitromithani, mafuta makali ya mashindano) ambayo wapinzani hawakuijua. Injini ndogo, gari jepesi, mafuta makali. Kanuni ileile.

Ya tatu ndiyo iliyobadilisha mchezo, Chevrolet V8 ya 1955, ile smolbloku. Inchi za ujazo 265, hp 162 ikiwa na kabureta ya kawaida, na 180 ukichukua ile yenye kabureta ya midomo minne. Krenki inashikwa na beringi kuu tano, vali zipo juu, roka zake, vile vipande vinavyosukuma vali, ni vibati vilivyopigwa muhuri tu, vyepesi, kwa hiyo injini inapanda raundi bila kulalamika, na uzito wake haupishani sana na wa flathedi. 1957 ikakua ikawa 283 na toleo la fyueli injeksheni lilitoa hp 283, hp moja kwa kila inchi. Ukilinganisha na Chrysler Hemi, ile V8 kubwa ya inchi 392 ambayo peke yake inapita kilo 300, unaona kwa nini mtu wa dragsta ndogo alikimbilia Chevy. Ukiipata 265 ya 1955 jua haikuwekewa sehemu ya oili filta kwenye bloku, kwa hiyo oili ibadilishe mara kwa mara.

Ushauri wangu: kama unaanza, chukua smolbloku. Flathedi ina sauti tamu na wazee watakuja kukusalimia ukiwa nayo lakini kila kitu chake siku hizi ni cha kutafuta, na bloku nyingi zimepasuka. Usinunue bloku ya flathedi kabla haijapimwa nyufa, hasa kati ya vali na silinda.

Hatua ya 3: ivue nguo

Hapa ndipo utamu ulipo. Weka injini mezani uanze kutoa. Feni, nje. Rejeta na mabomba yake, nje, maji yanabaki yale yaliyojaa ndani ya bloku na hedi na yanatosha kabisa kwa safari moja. Pampu za maji nazo nje, flathedi inazo mbili, kila upande moja, ila kwenye injini nyingi za kabla ya 1949 pampu hizohizo ndizo zinabeba mantini (vishikio vya injini) za mbele, kwa hiyo kabla hujazitupa tengeneza bamba la chuma la kuziba tundu na kubeba injini, la sivyo utabaki na injini isiyo na pa kukaa. Jenereta, nje. Stata, nje, gari linasukumwa na pikapu. Ukishafunga magneto, kifaa kinachojizalishia umeme wa plagi (wengi walipenda Scintilla Vertex), hata betri huna kazi nayo, na betri peke yake ni kilo 15 mpaka 20. Kisafisha hewa, mafla, mkanda, puli, vyote nje.

Kila unachotoa kipime uandike kwenye daftari. Sio mbwembwe, utashangaa vitu vidogovidogo vinavyojumlika, boliti ndefu kuliko inavyotakiwa, mabano ya chuma kinene yaliyokuwa yanashika kitu ambacho hakipo tena. Ukimaliza kujumlisha daftari, gawanya kwa 3, hizo ndizo hp ulizopata bure.

Cha kutogusa: usipunguze chochote kinachozunguka bila fundi wa mashine anayejua, na usipunguze boliti za krenki wala za fraiwili. Wepesi wa sehemu hizo unalipwa kwa miguu, nitaeleza.

Hatua ya 4: fremu

Dick Kraft, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa pale Santa Ana, alichukua fremu ya Ford Model T, akaondoa bodi yote, akabakiza injini, kiti na sehemu ya kushikia, akaiita The Bug. Ilikuwa 1950, mwaka uleule C.J. Hart alipofungua mbio za kulipia kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Santa Ana, na kile kidude kilipita mstari kwa zaidi ya maili 100 kwa saa. Wengi wanaihesabu kuwa dragsta ya kwanza. Hapakuwa na uhandisi wowote mle, kuna mtu aliyejiuliza tu bodi ya nini.

Reli za Model T ni nyepesi ila zinapinda. Kufikia mwisho wa miaka ya 50 Scotty Fenn wa Chassis Research na wale wawili wa Dragmaster kule Carlsbad, Jim Nelson na Dode Martin, walikuwa wanauza fremu za mabomba zilizo tayari, na huo ndio mtindo nakushauri ufuate. Umbali kati ya ekseli za mbele na nyuma weka inchi 90 mpaka 100, mita 2.3 mpaka 2.5 hivi. Zile ndefu zilikuja baadaye nguvu zilipozidi.

Kazi yenyewe: tafuta meza ya chuma iliyonyooka, au reli mbili za H ulizozilaza na kuzipima kwa levo, fremu ifungwe hapo kwa klampu mpaka mwisho. Bomba liwe lisilo na mshono. Kila linapokutana na jingine lichongwe mdomo likumbatie mwenzake bila uwazi, ukiona mwanga unapita kati yao rudia kuchonga usizibe kwa welding. Shikiza kwanza nukta nukta fremu nzima, pima kona kwa kona ulalo wa huku na wa huku vilingane, ndipo uchomelee, na uwe unahama, kipande huku kipande kule, kwa sababu ukimaliza upande mmoja wote kwa mpigo joto litauvuta na dragsta yako itakwenda upande maisha yake yote. Halafu usipige grainda juu ya welding ili ipendeze. Welding mbaya iliyosuguliwa ni mbaya zaidi, na mkaguzi akiona umesugua anajua unaficha.

Mfano wa kuutazama ni Joaquin Arnett wa San Diego na kundi lake la Bean Bandits, vijana wengi wao wenye asili ya Mexico pamoja na weusi na Wajapani, ambao mwanzoni mwa miaka ya 50 walizoa vikombe California wakiwa na flathedi na chuma walichokunja wenyewe. Hawakuwa na duka la spea nyuma yao, walikuwa na mikono.

Hatua ya 5: ukae wapi

Swali hili linaonekana dogo ila ndilo lililozaa umbo zima la dragsta. Gari jepesi lina tatizo moja, tairi za nyuma hazina cha kuzikandamiza, unakanyaga zinazunguka palepale. Kuongeza uzito hutaki. Unafanya nini? Unauhamisha ulionao. 1954 Mickey Thompson alimkalisha dereva nyuma ya ekseli ya nyuma, miguu ikipita juu ya ekseli, difu likiwa katikati ya mapaja. Mtindo wa manati wakauita, na ndani ya miaka michache kila mtu alikuwa nao.

Hesabu yake ni hii. Dereva wa kilo 75 akikaa nusu mita nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli na ekseli kuna mita 2.5, tairi za nyuma hazipati kilo 75, zinapata 90, kwa sababu anapunguza kilo 15 mbele na kuzileta nyuma. Umepata kilo 15 za mkandamizo bila kuongeza hata gramu. Injini nayo isogeze nyuma kadiri inavyoingia, propela shafti ikiwa fupi kabisa au kikombe cha kuunganishia tu.

Ukimaliza kufunga kila kitu kwa muda, tafuta mizani mbili za magunia, zile za jukwaa, weka tairi za nyuma juu yake, wewe umekaa na helmeti kichwani. Nyuma ikibeba kati ya asilimia 60 na 70 ya uzito wote uko vizuri. Ikizidi sana mbele itanyanyuka, steringi inabaki pambo.

Difu lenyewe lifupishwe pande zote mbili na spaida gia zifungwe zisizungushe tofauti, tairi zote mbili zisukume sawa. Springi za nyuma hazina kazi, ekseli inafungwa moja kwa moja kwenye fremu. Breki ziko nyuma tu.

Hatua ya 6: mbele na tairi

Mbele ni rahisi, pitia haraka. Ekseli ya bomba kutoka Ford V8-60 za 1937 mpaka 1940 ni nyepesi na ndiyo waliyoitafuta wote, magurudumu ya spoku ya pikipiki, hakuna breki. Kasta, yaani mlalo wa kingpini kwenda nyuma, iwe kubwa kuliko ya gari la barabarani ili gari lenyewe lipende kwenda moja kwa moja.

Tairi za nyuma ndizo za kutumia hela. Mwanzoni watu walikuwa wanachukua tairi kuukuu wanazivisha mpira mpana bapa usio na mistari, mpira mgumu huo. Baadaye mwisho wa miaka ya 50 M&H kutoka Massachusetts, kampuni ya akina Rifchin, walileta Racemaster za mpira laini zilizotengenezwa kwa drag tu na muda wa kila mtu ukashuka. Leo M&H bado unazipata kwa vipimo vya kizamani. Upepo usiige wa mwenzako, soma alama. Ondoka kwa nguvu mara moja, shuka uangalie mistari myeusi kwenye lami: ikiwa myeusi pembeni na hafifu katikati upepo mdogo, ongeza, ikiwa myeusi katikati tu, upepo mwingi, punguza. Badilisha kidogo kidogo mpaka upana wote uchore.

Hatua ya 7: gia

Wengi wa dragsta ndogo waliondoka na gia moja tu, ya juu, klachi ndiyo ikifanya kazi ya kuvumilia pale mwanzo. Wengine waliweka gia boksi ya Ford ya 1939 wakatumia ya pili na ya tatu. Gia moja ni uzito mdogo na kitu kimoja pungufu cha kuharibika, ila uwiano wa difu lazima uupatie.

Raundi za injini zidisha kwa kipenyo cha tairi kwa inchi, gawanya kwa 336, halafu gawanya kwa spidi uliyoipata hatua ya 1. Mfano flathedi inayopenda raundi 5,500, tairi ya inchi 29, unategemea maili 120: 5,500 mara 29 ni 159,500, gawanya kwa 40,320 (yaani 336 mara 120), inakuja 3.96. Tafuta difu la karibu na hapo. Chevy ya raundi 6,500 na tairi ya inchi 30 kwa maili 130 inataka kama 4.46. Wenye uwezo walifunga difu la Halibrand, unafungua kava la nyuma, unabadilisha gia mbili, dakika chache umepata uwiano mwingine. Bei yake lakini, mmh.

Hatua ya 8: mafuta

Anza na petroli. Narudia, anza na petroli mpaka gari linyooke.

Ukihamia methanoli jua inataka ujazo mkubwa. Petroli inachomeka vizuri kwa sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, methanoli 6.4 kwa 1, nitromithani 1.7 kwa 1. Kwa hiyo jeti, pampu, mabomba, vyote vinapanuka, na usipopanua injini inakimbia kavu na pistoni zinatoboka. Nitro inabeba oksijeni yake yenyewe ndani, ndiyo maana injini ndogo isiyo na supachaja (pampu ya kusukumia hewa ndani) inaweza kupiga kelele za injini kubwa. NHRA waliipiga marufuku 1957, wakaanza kuirudisha 1963, na katikati ya miaka ya 60 kule Lions Drag Strip, kiwanja cha drag cha eneo la Los Angeles, likashamiri kundi la Junior Fuel: smolbloku ya Chevy, injeksheni ya Hilborn, hakuna supachaja, nitro tenkini, fremu nyembamba. Kwangu mimi hizo ndizo dragsta nzuri kuliko zote zilizowahi kuundwa, wacha wapenzi wa Hemi waseme. Kwa flathedi yenye beringi tatu nitro nyingi ni kuomba krenki itoke nje.

Tenki liwe dogo, la alumini, limefungwa mbele. Lita chache zinatosha, kila lita ya ziada ni karibu kilo nzima unayoibeba bure.

Hatua ya 9: usikate miguu yako

Nimesema tunatoa kila kitu. Hapa tunaongeza, na hizi kilo usizionee uchungu.

Fraiwili ya chuma cha kumimina iliyotoka na gari haifai, ikipasuka kwa raundi 6,000 vipande vyake vinakata fremu, bomba la mafuta na chochote kilicho karibu, na kwenye dragsta ya manati kilicho karibu ni wewe. Weka fraiwili ya stili, juu yake kava nene la stili la kuzuia vipande. Propela shafti na kikombe chake nazo zifunikwe pande zote. Don Garlits, ambaye hakuna aliyemzidi kwenye mchezo huu, Machi 1970 pale Lions gia boksi ilipasuka chini yake ikamkata sehemu ya mguu wa kulia, na ni baada ya hapo alirudi 1971 na dragsta yenye injini nyuma ya dereva iliyoua mtindo wa manati kwenye daraja la juu. Gari lake lilikuwa na nguvu mara nyingi ya lako, sawa, lakini mguu ni mguu.

Picha za 1952 utaona jamaa na fulana na miwani tu, hakuna hata upau juu ya kichwa. Usiige. Kwa mashindano ya leo utatakiwa kuwa na keji kamili, mikanda, suti ya moto, na vifaa vyenye lebo ya SFI (shirika la viwango vya usalama wa vifaa vya mashindano), kwa hiyo chukua kitabu cha sheria cha kiwanja utakachokimbia kabla hujakata bomba la kwanza. Parachuti nayo, breki za nyuma peke yake kwenye gari jepesi linalokwenda kilomita 200 ni matumaini zaidi kuliko breki.

Hatua ya 10: siku ya kwanza

Hakuna stata kwa hiyo pikapu inakusukuma kwa nyuma, bampa kwa bampa. Klachi umekanyaga, magneto imezimwa. Mkipata mwendo wa kukimbia achia klachi polepole, injini inazunguka bila moto, macho kwenye geji ya oili. Subiri ipande. Ikipanda ndipo uwashe magneto, na pikapu ibaki nyuma. Wengi wenye haraka wanawasha kwanza halafu wanashangaa beringi zimeisha.

Kwenye mstari, zamani aliyekuachia ni mtu mwenye bendera, taa za rangi zinazoshuka zilianza kutumika kwenye Nationals, shindano kubwa la NHRA, ya 1963. Safari ya kwanza nenda nusu ya njia tu, kanyaga taratibu, sikiliza gari linavuta upande gani, rudi. Ya pili nenda yote bila kulazimisha. Ukivuka mstari zima magneto na kanyaga klachi kwa wakati mmoja, usiache injini izunguke bila kazi, kwa sababu unataka plagi zibaki na rangi ya pale zilipokuwa zinafanya kazi kwa nguvu zote. Zifungue palepale. Kwa petroli kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye masizi mafuta yamezidi, nyeupe yenye vipunje vinavyong'aa ni alumini ya pistoni hiyo, simama, usirudie hata mara moja mpaka uongeze jeti. Andika kila safari kwenye daftari lilelile la uzito: jeti, upepo wa tairi, raundi, muda, spidi. Spidi ikiwa nzuri na muda mbaya tatizo ni kuondoka, rudi kwenye tairi na klachi. Vyote viwili vikiwa vibaya, injini. Badilisha kitu kimoja kwa safari.

Kama ulikimbia na methanoli, kabla ya kwenda nyumbani mwaga tenki lote, pitisha petroli kidogo yenye oili kwenye pampu na injeksheni, injini izungushe mpaka ile petroli itoke kwenye nozeli. Methanoli inavuta maji kutoka hewani na ikilala usiku mmoja tu inaanza kula alumini, halafu wiki ijayo utakuwa unatafuta kwa nini silinda moja haichomi kumbe nozeli imezibwa na unga mweupe.